Kutu ya kupuliza: ufundi wa kulizeesha behewa jipya kwa makusudi

Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ukashika njia za kuteremkia Gerezani, masikio hufika kabla ya macho: nyundo juu ya bati, msasa juu ya puti, na kompresa inayonguruma, inanyamaza, kisha inanguruma tena. Mafundi wa rangi wa upande huu wa mji wanaishi kwa kufuta. Daladala iliyokwaruzwa Buguruni hunyooshwa bodi, hupakwa puti, husuguliwa, hupigwa praima, hupulizwa rangi na vanishi juu yake, na mwenye gari huambiwa, "Bosi, hili unalitoa jipya." Atakayemwomba fundi huyohuyo achukue kitu kipya akifanye kionekane kimepigwa jua miaka ishirini, ataulizwa kama yuko sawa.

Kazi hiyo ipo, na ina mashabiki wake kuanzia Marekani na Uingereza hadi Ujerumani na Japani. Ni watu wanaotengeneza treni ndogo za mfano, zinazotembea mezani kwa umeme. Kibehewa hutoka kiwandani kinang'aa. Wao wanakipulizia kivuli, vumbi, masizi na kutu, mpaka anayekitazama aamini kwamba kimewahi kubeba saruji. Machoni mwao kibehewa kisafi ni kibehewa ambacho kazi yake haijaisha. Mimi nadhani mkazi wa Kariakoo ana nafasi ya kuujua ufundi huu vizuri kumzidi mtu wa Chicago mwenye kabati zima la vifaa. Vifaa vinanunulika. Kulisoma behewa ndiko kugumu, na mabehewa ya kusoma yako hapo Stesheni, mwendo wa miguu tu kutoka Mnara wa Mwenge.

Kifaa chenyewe ni brashi ya hewa. Umbo lake ni la kalamu nene, ina kikombe kidogo cha rangi juu, na ndani yake mna sindano inayoziba tundu jembamba. Hewa inayopita kwa kasi mbele ya tundu huivuta rangi na kuitawanya iwe ukungu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Abner Peeler wa Iowa, Marekani, alitengeneza chombo cha awali cha namna hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Charles Burdick akakipa umbo linalofanana na la leo. Kazi ya kwanza ya chombo hicho ilikuwa picha: kulainisha nyuso, kutia rangi kwenye picha za rangi moja. Treni zilifuata baadaye sana. Katika miaka ya 1940 na 1950 mpiga picha mmoja wa Monterey, California, aitwaye John Allen, alijenga nyumbani kwake reli ya mfano aliyoipa jina Gorre & Daphetid, akakataa kabisa kuacha mabehewa yake yang'ae. Picha zake magazetini ziliwafundisha wengi kwamba uchafu nao unaweza kufanyiwa ufundi. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Mtu aliyepulizia masizi ya uongo maisha yake yote, kazi yake ikaishia kwenye masizi ya kweli.

Kabla ya kushika brashi, hesabu. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni 1:87: kila milimita ya kibehewa inasimama badala ya milimita 87 za behewa lenyewe. Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067. Ukizigawa kwa 87 unapata 11.5 na 12.3, na wenye treni za mfano huzipa zote mbili njia ya milimita 12. Tofauti iliyolazimisha mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa pale Kidatu, mezani haipo tena. Reli ya kisasa ya SGR yenye milimita 1,435 inakuwa 16.5, kipimo kinachouzwa karibu kila duka la treni za mfano duniani.

Hesabu hiyo inahusu rangi pia, na hapa ndipo wanaoanza huanguka. Mkwaruzo wa milimita moja kwenye kibehewa ni mkwaruzo wa sentimita karibu tisa kwenye behewa halisi, upana wa kiganja. Punje ya mchanga ya nusu milimita ni jiwe la sentimita nne. Rangi iliyopakwa kwa brashi ya nywele ikabaki na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukiikuza inakuwa ganda la karibu milimita tisa. Hakuna karakana duniani inayopaka behewa namna hiyo. Ndiyo maana watu hawa hupuliza badala ya kupaka. Bunduki ya rangi ya gereji ina tundu la milimita 1.3 au 1.4. Brashi ya hewa ya kazi hii ina tundu la 0.2 au 0.3, na fundi huishusha karibu na kibehewa, sentimita tatu au nne tu, anapotaka mstari mwembamba, au huipandisha juu anapotaka ukungu. Ile nzuri ina kitufe chenye kazi mbili: ukikibonyeza unapata hewa, ukikivuta nyuma unapata rangi. Mkono unaojifunza husahau na kuvuta kabla ya kubonyeza, na doa la kwanza huwa kubwa. Kanuni ni hewa kwanza, rangi baadaye, na wakati wa kuacha ni rangi kwanza, hewa mwishoni.

Sasa twende Stesheni. Simama mahali panaporuhusiwa, utazame behewa la mizigo la reli ya kati. Usitazame kama abiria. Jiulize: rangi imekufa wapi, na imeuawa na nani?

Jua limepiga paa kuliko ubavu. Linavunja gundi iliyoshika rangi, na kinachobaki ni unga. Ukipitisha kidole kinatoka cheupe au chekundu. Rangi nyekundu hukimbilia uwaridi, nyeusi hukimbilia kijivu. Kutu nayo haianzi popote inapotaka. Inaanza kwenye kingo na kwenye vichwa vya boliti, kwa sababu rangi mbichi huikimbia kona kali na kubaki nyembamba hapo. Inaanza kwenye maungio ya bati, ambako maji hukaa baada ya mvua kupita. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo inainyanyua rangi kutoka chini, inaivimbisha, inaipasua, na maji yanapata mlango mpya. Na hapa pwani kuna chumvi. Behewa linaloshinda karibu na bandari, likipigwa na upepo wa kusi miezi na miezi, lina kutu tofauti na lile la Dodoma. Chumvi huvuta unyevu hata siku ambayo mvua haijanyesha.

Kutoka kwenye kila boliti inayooza kuna mchirizi unaoshuka. Unaoshuka: sijawahi kuona kutu ikipanda ukuta, ingawa nimeiona kwenye vibehewa vya mfano, kazi ya watu waliokishika kibehewa kichwa chini wakasahau. Chini ya hapo kuna bogi, yaani fremu zinazoshika magurudumu, na bogi zina rangi yao peke yao, kahawia kavu isiyong'aa. Hiyo ni vumbi la chuma kutoka kwenye breki, lililochanganyika na vumbi la njia na mafuta. Uso wa gurudumu unaokanyaga reli, kinyume chake, unang'aa daima, maana reli inausugua kila siku. Mtengenezaji anayepaka gurudumu zima rangi ya kutu ametuambia kwamba behewa lake halijasogea mwaka mzima. Pengine ndivyo alivyotaka, lakini basi na majani yaote katikati ya njia.

Kisha kuna safari. Zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar hadi Kigoma zinapita kwenye tope la Kilosa, ambako mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliing'oa njia, halafu zinaingia kwenye ukavu wa Dodoma na Singida, ndipo Tabora. Tope hurushwa na magurudumu na kukauka kwenye ncha za behewa, mistari miwili iliyosimama sawasawa na magurudumu. Vumbi hukaa chini na kupungua kadiri unavyopanda. Behewa la mafuta huwa na michirizi myeusi, ya kung'aa, kutoka kwenye mfuniko wa juu, mahali palipomwagika wakati wa kujaza. Behewa la abiria huchakaa kwa mikono: kando ya mlango, kwenye vishikio, chini ya madirisha. Waliopanda treni ya jijini iliyoitwa ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, kutoka Stesheni kwenda Ubungo ilipoanza Oktoba 2012 wanajua milango ile ilishikwa na watu wangapi kila asubuhi.

Hii ndiyo sababu nasema nafasi ni yetu. Mtengenezaji wa Ulaya anayetaka behewa la Afrika Mashariki hutegemea picha za zamani, nyingi zikiwa za rangi moja. Anayetaka kuona ukubwa wa enzi ya mvuke anaweza kwenda makumbusho ya reli Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, akasimame mbele ya Mount Gelai, namba 5918, mojawapo ya injini 34 za Garratt daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Tani zaidi ya 250 kwenye reli ya upana wa mita moja. Ndizo zilizokuwa injini za mvuke kubwa kuliko zote duniani kwenye upana huo. Lakini injini ya makumbusho imepakwa rangi upya, nyekundu iliyoiva, safi. Ukiinakili hiyo unanakili makumbusho. Injini ya kazini ilikuwa na masizi mgongoni, chokaa nyeupe pale maji ya bwela yalipovuja, na mafuta kwenye vyuma vya magurudumu.

Tuseme umepata kibehewa cha mizigo, kilichofungwa, cha rangi ya kahawia. Kazi inaanza kwa praima nyembamba. Juu yake, kabla ya rangi yenyewe, unapuliza rangi nyeusi au kahawia iliyokolea kwenye kila ungio la bati, chini ya kila ubavu wa chuma, kandokando ya mlango. Hiki ni kivuli cha chini. Kibehewa kitaonekana kibaya na utatamani kuacha. Kisha unakuja na rangi ya maji ya kahawia iliyozimuliwa iwe nyepesi kama maziwa, unapuliza katikati ya kila bati ukielekea pembeni, tabaka baada ya tabaka, na unasimama kabla kivuli hakijafunikwa kabisa. Hapo ndipo ilipo siri yote, na hakuna wa kukuonyesha wakati wa kusimama isipokuwa jicho. Wengine hufuata njia ya pili: rangi kwanza, kivuli baadaye, kwa ukungu mwembamba sana. Mimi napendelea ya kwanza. Kivuli kilichotangulia kinakuwa ndani ya rangi. Kinachofuata hukaa juu, na mkono ukitetereka kila mtu anaona.

Rangi yenyewe usiitumie ilivyo kwenye kopo. Kitu kidogo kinachotazamwa karibu huonekana kimekolea kuliko kitu kikubwa kinachotazamwa kwa mbali, kwa hiyo watengenezaji huongeza tone la nyeupe au krimu. Tone la pili la krimu, likipulizwa katikati ya bati na juu ya paa tu, linakuwa jua.

Halafu vanishi ya kung'aa. Msomaji atauliza, tunang'arisha tena? Ndiyo, kwa muda. Juu ya uso unaoteleza unaweka maji ya rangi: rangi ya mafuta, nyeusi na kahawia, iliyoyeyushwa kwa tapentaini mpaka ikawa nyembamba kabisa. Ukiigusisha kwenye ungio, inakimbia yenyewe kando ya mstari na kujificha kwenye kona. Iliyozidi unaivuta kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini, siku zote kutoka juu kwenda chini, na mvuto huo ndio unaokuachia michirizi ya mvua bila kuichora. Tapentaini haiigusi rangi ya maji iliyokauka chini, ndiyo maana mpangilio ni huo na si kinyume chake.

Kutu ina njia nyingi, na mbili kati yake zinapendeza kwa sababu vifaa vyake viko kila duka la Kariakoo. Ya kwanza ni chumvi ya mawe. Unapaka kibehewa rangi ya kutu, unakilowesha, unanyunyiza chumvi mahali kutu ingeanza, unaacha kikauke, kisha unapuliza rangi ya behewa juu yake. Chumvi ikisuguliwa ikatoka, kutu inachungulia. Ila kumbuka hesabu: punje ya milimita mbili ni doa la sentimita 17. Kwa kipimo hiki chumvi isagwe. Ya pili ni spreyi ya nywele, ileile ya saluni. Inapulizwa juu ya rangi ya kutu, inakauka, na rangi ya maji inafuata juu. Baada ya dakika chache unagusa kwa brashi yenye maji. Maji yanapenya, spreyi inayeyuka, na rangi ya juu inabanduka vipande vipande kwenye kingo, ndivyo inavyobanduka kwenye behewa lenyewe. Mwisho kabisa vanishi isiyong'aa inafunika yote, na vumbi linapulizwa kutoka chini, brashi ikielekezwa juu, rangi ya udongo iliyozimuliwa mno. Chaki iliyosagwa nayo inafaa. Wapo wanaotaka kutumia udongo halisi wa Dodoma, na wazo hilo lina utamu wake, lakini upitishwe kwenye kitambaa chembamba sana, la sivyo utakuwa umelimwagia behewa mawe.

Hali ya hewa ya Dar ina mgogoro wake na kazi hii. Kompresa ikiibana hewa yenye unyevu, maji yanajitenga na kukaa kwenye tangi. Baada ya muda yanatoka na rangi na kutema matone juu ya kazi ya saa nzima. Mafundi wa Gerezani wanalijua hilo, ndiyo maana hufungua koki ya chini kumwaga maji. Kwa brashi ya hewa hiyo haitoshi: weka kichujio cha maji kwenye mpira, karibu na mkono, na punguza nguvu ya hewa hadi pauni 15 au 20 kwa inchi ya mraba. Joto nalo hukausha rangi ya maji kwenye ncha ya sindano kabla haijatoka. Fanya kazi asubuhi mapema, au ongeza dawa ya kuchelewesha kukauka, na safisha sindano kila unapobadilisha rangi.

Usitegemee kukuta duka la treni za mfano kati ya mitaa ya Msimbazi na Uhuru. Brashi za hewa zenyewe siku hizi hutumiwa pia na wapambaji wa keki na wa urembo, na ya bei nafuu inatosha kuanzia. Mwili wa behewa utakatwa kutoka kwenye plastiki nyembamba ya watengeneza mabango, au kwenye bati la kopo, nyenzo ambayo watoto wa nchi hii wametengenezea magari tangu makopo yalipokuwapo. Kuhusu plastiki kuna onyo: tina ya kuzimulia rangi za magari huyeyusha plastiki ya vibehewa vya kununua, ubavu ukalegea mbele ya macho yako. Bati halina shida hiyo. Rangi ya mafuta ya kopo isidharauliwe pia. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia rangi ya aina hiyo juu ya vipande vya hadibodi, na waliomfuata wakafanya mandhari zinazohama taratibu kutoka rangi moja hadi nyingine. Anayeweza kuyeyusha machweo namna hiyo tayari anajua nusu ya kazi ya kivuli. Na tafadhali, usipulizie chumbani unamolala. Ghorofa za Kariakoo zimebanana, mvuke wa tina hauna pa kwenda, na rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kukaushia ni hatari kwa mapafu bila barakoa ya kichujio.

Nina neno moja kwa wanaoanza, nalo ni kupunguza. Kwenye maonyesho ya ng'ambo, hata picha zake tu, utaona treni ya mabehewa ishirini ambayo kila moja limeoza kwa kiwango kilekile. Hakuna stesheni yenye treni hiyo. Mabehewa yalitengenezwa miaka tofauti, yakapakwa upya miaka tofauti, mengine yamekaa karakana na mengine hayajapumzika. Treni ya kuaminika ina behewa moja lililooza, matatu manne yenye vumbi, na moja lililotoka kupakwa rangi juzi, ambalo hukera jicho kwa usafi wake.

Swali gumu zaidi limekuja na umeme. Tangu Juni 2024, SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, kisha Dodoma mwezi uliofuata, kuna treni nchini zisizotoa moshi. Masizi ya paa, ambayo mtengenezaji wa treni za dizeli huyapuliza bila hata kufikiri, hapa hayana mahali. Treni ya mchongoko, ile ya SGR yenye pua iliyochongoka, haichafuki kwa tumbo lake. Inachafuka kwa inachokipita kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa: wadudu na vumbi kwenye pua, weusi mwembamba juu ya paa pale kikono cha umeme kinapousugua waya. Huoshwa pia, na mashine ya kuoshea ina tabia zake. Kwingi duniani huacha uchafu palepale brashi zake zisipofika, kwenye pembe na nyuma ya vishikio. Anayetaka kuitengeneza mchongoko ya mezani itambidi aanze na kona hizo, akiwa na tone dogo sana la rangi kikombeni. Yule wa mabehewa ya zamani ya reli ya kati ana kazi ya haraka zaidi: aombe ruhusa ya kupiga picha pale Stesheni, apige ubavu, paa, bogi na ncha, mchana wa mawingu ili jua lisimdanganye rangi, na aandike tarehe nyuma ya kila picha.